Ukoo wa Nyasi na Ulezi wa Ufipa

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita nilichelewa kufika mstarini asubuhi, na mwalimu wa zamu akanipa adhabu ya kung'oa magugu kando ya uwanja wa mpira kwa siku tatu. Sikuipenda adhabu ile, lakini siku ya pili niliona jambo lililonisahaulisha uchovu. Miongoni mwa magugu yale yalikuwako majani mafupi, yenye mizizi iliyoshika ardhi kwa nguvu, na juu ya kila shina vimekaa vidole vyembamba vinne au vitano, kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Nilipokitazama kidole kimoja kwa karibu nikajiambia, "Huu ni ulezi!" Walakini haukuwa ulezi, kwa maana punje zake zilikuwa ndogo mno, nazo zilipukutika mara nilipozisugua.

Nilimpelekea mwalimu wetu wa Bayolojia shina moja. Alicheka, akasema, "Umekutana na ndugu yake ulezi. Nenda maktaba ukatafute habari za ukoo wao, kisha uwaandikie wenzako." Basi, makala hii ndiyo tunda la adhabu ile. Masomo yetu ya sayansi twafundishwa kwa Kiingereza, lakini nimeandika kwa Kiswahili ili wazazi wetu walioko nyumbani, ambao ndio wenye mashamba, nao wapate kusoma.

UKOO TUNAOULA KILA SIKU

Hebu tufikiri tulikula nini juzi na jana hapa shuleni. Asubuhi tulikunywa uji wa mahindi wenye sukari. Mchana tulikula ugali. Jumapili tulipata wali, na mwenye shilingi zake alinunua andazi dukani. Mahindi, miwa itoayo sukari, mpunga, na ngano itoayo andazi, vyote hivi ni nyasi. Ongeza ulezi na mtama, ongeza mianzi, na ongeza majani yanayoezekea nyumba nyingi za vijijini. Hata maziwa na nyama ni nyasi zilizopita tumboni mwa ng'ombe. Wataalamu wamehesabu aina zipatazo 12,000 za mimea ya ukoo huu ulimwenguni, na hapana ukoo mwingine wa mimea unaolisha watu wengi kuliko huu.

Ukitaka kumtambua mtu wa ukoo huu, ng'oa shina lolote la nyasi, kisha uliweke kando ya bua la hindi. Utaona mambo matatu. Kwanza, mashina yote mawili yana vifundo, na kila jani huanzia kwenye kifundo. Pili, sehemu ya chini ya jani hulizunguka shina kama ala inavyouzunguka upanga, ndipo jani likunjuke nje. Tatu, mistari ya jani huenda sambamba toka shinani mpaka nchani, wala haitawanyiki kama mistari ya jani la mharage.

Sisi wa Ufipa tuna bahati ya kuwaona ndugu hawa wengi bila ya kusafiri mbali. Uwanda wetu wa juu, penye mji wa Sumbawanga, uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa yake ni mbuga ya nyasi isiyo na miti mingi. Hapa juu twalima mahindi, ulezi, na hata ngano, ambayo hupenda baridi. Lakini ukivuka milima ya Mbizi na kuteremka upande wa mashariki mpaka bonde la Ziwa Rukwa, unashuka kiasi cha mita 1,000, nako joto ni kali. Huko chini utakuta mpunga na mtama. Ukoo ni mmoja, lakini kila ndugu amejichagulia hali ya hewa yake. Swali langu lilikuwa hili: Je, ndugu hawa walitengana lini, na ni kitu gani ndani yao kilichowafanya watofautiane hivi?

UMRI WA UKOO HUU

Kila mtu aliyepata kufyeka majani kwa mikono mitupu anajua ya kuwa jani la nyasi hukata ngozi. Sababu yake ni kwamba nyasi hufyonza silika kutoka ardhini, yaani kitu kile kile kilicho katika mchanga na kioo, na kuifanya vijiwe vidogo sana ndani ya majani. Jani huoza, lakini vijiwe hivyo haviozi. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza ya kuwa wameona vijiwe vya namna hiyo katika kinyesi cha dinosaria kilichogeuka mawe katikati ya nchi ya India. Kinyesi kile kina umri wa zaidi ya miaka milioni 65. Kwa hiyo nyasi zilikuwako, tena zilikuwa zimekwisha gawanyika katika matawi, kabla ya dinosaria kutoweka duniani.

Hapo kwanza nyasi zilikuwa mimea midogo isiyotawala nchi. Baadaye hali ya hewa ilibadilika, misitu ikapungua mahali pengi, na nyasi zikapata nafasi. Wakati huo baadhi ya nyasi zilipata ujuzi mpya wa kujitengenezea chakula. Twajua ya kuwa mmea huvuta hewa ya kaboni dioksidi ili kutengeneza sukari kwa nguvu ya jua. Panapokuwa na joto kali na ukame, mmea wa kawaida hupata shida, kwa sababu ukifungua vitundu vya majani ili kuvuta hewa, maji hupotea. Nyasi za ujuzi mpya huikamata hewa ile upesi na kuirundika ndani ya jani penye chembe maalumu, hata huweza kufanya kazi bila ya kuacha vitundu wazi sana. Mahindi, mtama, miwa na ulezi wana ujuzi huo. Ngano na mpunga hawanao.

La ajabu ni kwamba ujuzi huu haukugunduliwa mara moja tu. Katika ukoo wa nyasi peke yake umetokea zaidi ya mara 20, kila tawi kwa wakati wake. Na mwaka 2023 watafiti waliochunguza udongo na mabaki ya kale nchini Kenya na Uganda walionyesha ya kuwa nyasi za namna hii zilikuwa zimekwisha enea sehemu hizo miaka ipatayo milioni 21 iliyopita. Kwa hiyo Afrika Mashariki si mgeni katika habari hii.

KITABU CHA URITHI

Sasa tuingie ndani ya chembe hai. Katika kila chembe mna nyuzi nyembamba sana ziitwazo kromosomu, na juu ya nyuzi hizo yamepangwa maagizo ya urithi, ambayo kila moja huitwa jeni. Jumla ya maagizo yote ya kiumbe huitwa jenomu. Waweza kuifananisha jenomu na kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, lakini kirefu sana. Siku hizi wataalamu wanazo mashine za kusoma kitabu hicho herufi kwa herufi. Kitabu cha mpunga kilisomwa na kutangazwa mwaka 2005, cha mtama na cha mahindi mwaka 2009, cha ulezi kwa mara ya kwanza mwaka 2017, na cha ngano ya mkate mwaka 2018.

Nilipoona urefu wa vitabu hivyo nilidhani mpiga chapa amekosea. Mpunga una herufi kiasi cha milioni 400. Mtama una milioni 700 na zaidi. Ulezi unakadiriwa kuwa na milioni 1,200 hadi 1,500. Mahindi yana milioni 2,300. Ngano ina milioni 16,000! Mtu mwenye akili zake zote, aliyeleta redio na ndege, ana herufi milioni 3,100 tu. Basi yafaa tujue mapema ya kuwa urefu wa kitabu si kipimo cha akili wala cha cheo.

Kwa nini ndugu wa ukoo mmoja wapishane hivi? Sababu ni mbili.

Sababu ya kwanza ni maneno yanayojinakili. Katika miaka ya 1940 bibi mmoja wa Marekani, Barbara McClintock, alikuwa akichunguza mahindi yenye punje za rangi mchanganyiko, kama yale tunayoyaona mara moja moja katika mashamba yetu. Alitambua ya kuwa vipande fulani vya urithi huhama kutoka mahali pamoja na kuingia mahali pengine katika kromosomu, na vikiingia katikati ya jeni ya rangi huiharibu, ndipo punje ikawa na madoa. Watu wengi hawakumwamini, lakini mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Nobel. Leo twajua ya kuwa vipande vingi vya namna hiyo hujinakili, na kila nakala huongeza urefu wa kitabu. Katika mahindi, kiasi cha asilimia 85 ya jenomu ni vipande hivyo.

Ukiviondoa vipande hivyo utaona ndugu wanarudi kufanana. Mpunga, mtama na mahindi, kila mmoja ana jeni kati ya 30,000 na 40,000 hivi. Tena mwaka 1995 watafiti wa Norwich, huko Uingereza, walionyesha ya kuwa jeni za nafaka mbalimbali zimepangwa kwa utaratibu unaofanana, hata wakaweza kuchora ramani za nafaka hizo kama duara moja ndani ya jingine. Ni kama ndugu waliogawana nyumba ya baba yao: mmoja ameongeza vyumba, mwingine amebomoa ukuta, lakini msingi wa zamani bado waonekana.

NDOA ZA NYASI

Sababu ya pili ni ndoa za nyasi za aina mbalimbali. Kwa kawaida wanyama wa aina mbili wakizaana, mtoto huwa tasa, kama baghala aliye mtoto wa punda na farasi. Kromosomu za baba hazipati wenzi miongoni mwa kromosomu za mama. Katika mimea pia hutokea hivyo, lakini mara chache kromosomu zote za mtoto hujizidisha mara mbili. Hapo kila kromosomu hupata mwenziwe, na mtoto aliyekuwa tasa huweza kuzaa. Papo hapo imezaliwa aina mpya yenye vitabu viwili kamili, cha baba na cha mama, vimefungwa pamoja.

Ngano ya mkate imefanya hivi mara mbili. Kwanza nyasi mbili za mwituni za Mashariki ya Kati ziliungana. Baadaye, kiasi cha miaka 8,000 au 10,000 iliyopita, ngano iliyokuwa ikilimwa na wakulima iliungana na nyasi ya tatu iliyoota kama gugu karibu na nchi za Bahari ya Kaspi. Ndiyo maana ngano ina vitabu vitatu. Kila kitabu kina jozi 7 za kromosomu, na jozi 21 ni kromosomu 42. Jeni zake hupita 100,000.

Sasa tufanye hesabu hiyo kwa ulezi. Lile gugu nililong'oa uwanjani, ambalo kwa jina la kitaalamu huitwa Eleusine indica, lina jozi 9, yaani kromosomu 18. Ulezi, uitwao Eleusine coracana, una kromosomu 36. Mara moja waona ya kuwa ulezi una vitabu viwili. Wataalamu walipochunguza walikuta kitabu kimoja chafanana sana na cha gugu lile la uwanjani. Kwa hiyo mzazi mmoja wa ulezi ni gugu lile au ndugu yake wa karibu sana. Nilichokuwa nikikitupa kwenye jalala ni mtu wa nyumba ya wakwe zangu, kama nikisema hivyo!

Na mzazi wa pili je? Wataalamu wametafuta miongoni mwa nyasi za jamii ile, wamelinganisha, na hawajampata. Yawezekana ametoweka duniani. Kitabu chake hakipo mahali pengine popote palipojulikana ila ndani ya ulezi wenyewe. Jambo hili lilinigusa kuliko yote niliyoyasoma, na sababu yake nitaieleza mwishoni.

ULEZI MWENYEJI NA MAHINDI MGENI

Wataalamu wanaona ya kuwa ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda, miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Mababu walichuma mbegu za ulezi wa mwituni, ambao mpaka leo huota kama gugu mashambani. Ulezi wa mwituni hupukutisha punje zake, na kwake hiyo ni faida, kwa maana hujipanda wenyewe. Lakini kwa mtu ni hasara. Kila mwaka mvunaji alirudi nyumbani na punje za mashina yale yasiyopukutisha, na mwaka uliofuata alipanda hizo. Kwa njia hiyo, bila ya darasa wala maabara, mababu waligeuza urithi wa mmea. Kutoka huku ulezi ulienda hata India katika zama za kale, na mpaka leo wakulima wa Karnataka huupanda sana na kuuita ragi.

Mahindi yalitoka mbali. Yalianza kulimwa kusini-magharibi mwa Meksiko, miaka ipatayo 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi iitwayo teosinte. Teosinte haina gunzi kama tunalolijua. Ina punje chache tu, kila moja ndani ya ganda gumu kama jiwe, nayo ina matawi mengi. Watu walibishana kwa miaka mingi kama kweli huyu ni babu wa mahindi. Mtaalamu mmoja Mmarekani, George Beadle, alizalisha mahindi pamoja na teosinte, akapanda wajukuu wao wapatao 50,000, na kuhesabu wangapi wamerudi kufanana na babu wa upande mmoja au wa upande mwingine. Alipata kiasi cha mmoja katika kila 500. Kutokana na hesabu hiyo alisema ya kuwa tofauti kubwa zaletwa na jeni chache, nne au tano hivi. Baadaye wengine walizipata baadhi ya jeni hizo: moja hupunguza matawi, nyingine hulilegeza lile ganda gumu. Hesabu za uwezekano tunazozilalamikia darasani ndizo zilizofungua fumbo hili.

Mahindi yalifika Afrika baada ya mwaka 1500, safari za Wareno zilipoanza kuziunganisha nchi. Kwa hiyo hapa kwetu mahindi ni mgeni wa karne chache, na ulezi ni mwenyeji wa maelfu ya miaka. Lakini mgeni amekuwa tajiri kuliko mwenyeji. Katika miaka ya 1980 Rukwa ilihesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Mimi siwezi kuyatukana mahindi, kwa sababu ndiyo yaliyoninunulia sanduku, godoro na sare nilizokuja nazo shuleni.

Walakini tusisahau ya kuwa Ufipa ilijengwa juu ya ulezi. Nchi yetu haina miti mingi ya kukata na kuchoma ili kupata majivu ya shambani. Wazee wetu walibuni njia nyingine, ya matuta yaitwayo ntumba. Mvua zinapokaribia kwisha, mkulima hulima nyasi pamoja na udongo wake na kuzikunja ndani ya matuta ya mviringo. Nyasi huoza humo na kuwa mbolea, na juu ya tuta hupandwa maharage. Mwaka unaofuata, mvua zikianza, matuta hubomolewa na kutandazwa, na ulezi humwagwa juu yake. Tazameni jambo hili: nyasi za mbugani zililisha ardhi, na ardhi ikalisha nyasi nyingine iitwayo ulezi. Ukoo mmoja ulikuwa mbolea na mavuno pia. Tena ulezi ukikauka vizuri hukaa ghalani miaka mingi bila ya kuliwa na wadudu, jambo ambalo mahindi hayaliwezi.

HATARI YA KUFANANA

Huenda msomaji akauliza, "Habari hizi za vitabu na ndoa zina faida gani kwa mkulima?" Faida yake ni hii. Ndani ya aina moja ya mmea, vitabu vya urithi havifanani herufi kwa herufi. Shina moja la ulezi lina herufi tofauti hapa, jingine pale, na tofauti hizo ndizo hufanya mmoja uwahi kuiva na mwingine uchelewe, mmoja ushindwe na ugonjwa na mwingine ushinde. Tofauti ni akiba. Shamba lenye mimea inayofanana yote ni kama jeshi lenye funguo moja kwa milango yote: adui akiipata hiyo funguo, ameingia kote.

Jambo hili lilionekana Marekani mwaka 1970. Wakati huo kiasi cha asilimia 85 ya mahindi yao yalikuwa yamezalishwa kutokana na mama wa namna moja. Ulipotokea ukungu uliowapenda watoto wa mama huyo, walipoteza kiasi cha asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima kwa mwaka mmoja. Karibu na kwetu, mwaka 1998 huko Uganda iligunduliwa kutu ya ngano iitwayo Ug99, ambayo ilizishinda ngano nyingi zilizokuwa zikitegemewa duniani. Kinga ilitafutwa wapi? Ilitafutwa kwa ndugu maskini wa ukoo. Mwaka 2013 wataalamu walitangaza jeni mbili za kuizuia kutu hiyo, moja kutoka katika ngano ya kale isiyolimwa sana, na nyingine kutoka katika ile nyasi ya karibu na Bahari ya Kaspi. Nayo mahindi yetu yalipatwa na ugonjwa mkali wa virusi, ulioonekana Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2012.

Ndiyo sababu mataifa yanatunza mbegu. Tanzania ina hifadhi ya mbegu huko Arusha, na tangu mwaka 2008 iko ghala kubwa la dunia katika visiwa vya Svalbard, Norwe, mahali penye barafu. Lakini mbegu iliyo ndani ya barafu imelala. Mbegu iliyo shambani kila mwaka hukutana na mvua ya mwaka huo na ugonjwa wa mwaka huo, nayo huendelea kuchaguliwa. Hifadhi zote mbili zatakiwa.

KIBUYU NILICHOKIMALIZA

Sasa nieleze lile nililoahidi. Bibi yangu alikuwa na vibuyu vitatu vya mbegu za ulezi, vimening'inia juu ya meko ili moshi uvilinde. Kimoja kilikuwa na ulezi mwekundu ambao vidole vyake hukunjamana kama ngumi. Cha pili kilikuwa na ulezi mwekundu wa vidole vilivyonyooka. Cha tatu kilikuwa na ulezi wa punje za rangi ya kahawia iliyokaribia weusi, vidole vifupi na shina fupi.

Nilipokuwa Kidato cha Pili, wakati wa likizo, mama alinituma mashineni kusaga ulezi. Niliona debe halijajaa, nikatazama juu, nikakishusha kibuyu kilichokuwa karibu na mkono wangu, nikakimimina chote. Kilikuwa kile cha tatu. Jioni bibi alikiona kibuyu kitupu, akaniuliza, "Hukubakiza hata kidogo?" Nikasema, "Sikubakiza." Hakunigombeza. Alisema tu, "Ulezi ule huwahi. Mvua zikikatika mapema, ule ndio uliotulisha," kisha akanyamaza. Tuliunywa katika uji, na sikuona tofauti yoyote ya ladha.

Wakati ule nilidhani nimemaliza kilo mbili za nafaka. Sasa nafahamu ya kuwa nilichokimaliza ni nakala ya kitabu, iliyosahihishwa na mikono ya akina mama wa nyumba yetu kwa miaka mingi, na pengine hapana nyingine iliyo sawasawa nayo. Likizo iliyopita nilizunguka kwa majirani na kwa shangazi zangu katika vijiji viwili kuitafuta. Wengi walisema waliacha ulezi zamani na kupanda mahindi peke yake. Shangazi mmoja alinionyesha wenye rangi ile, lakini shina lake ni refu, nao huchelewa. Sijaupata.

Kwa hiyo nawaombeni, wanafunzi wenzangu na wazazi mnaosoma gazeti hili. Mwendapo likizo, waulizeni bibi zenu wana mbegu gani za ulezi, wanaziitaje, na kila moja ina sifa gani. Andikeni majibu katika daftari. Anayeweza kuleta konzi moja na alete, ameandika jina la mbegu na kijiji ilikotoka. Mwalimu wetu wa Bayolojia amekubali tupewe kipande cha shamba la shule, hatua kumi kwa ishirini, ambapo kila mbegu itapandwa katika mstari wake, nasi tutaandika siku ya kuota, siku ya kuchanua na siku ya kuiva. Mimi nitakuwa nimemaliza shule wakati wa mavuno, lakini vijana wa Kidato cha Pili wamekubali kuliangalia shamba hilo.

Sisemi tuache mahindi. Nasema mzee mwenye watoto wengi hamfukuzi mmoja kwa sababu mwingine ameleta fedha. Na mtu yeyote atakayeona nyumbani kwao ulezi wa punje za kahawia iliyokaribia weusi, shina fupi, vidole vifupi, unaowahi kuiva, tafadhali asiusage kabla ya kuniarifu. Bibi yangu yungali hai, na kibuyu chake bado kinaning'inia juu ya meko, kitupu.